Kilti ya baba mkwe na jua la Texas

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga. Naishi Texas, Marekani, na mke wangu ni Mmarekani ambaye mababu zake walitoka nyanda za juu za Uskoti. Ndoa yetu haina neno. Linalonisumbua ni nguo. Najua wasomaji watacheka, lakini nimefika mahali nakosa usingizi kwa sababu ya kofia.

Baba mkwe wangu, mzee wa miaka 78, ni mtu wa ukoo hasa. Kila mwaka mwezi wa Juni kuna michezo ya Kiskoti huku kwetu. Watu hurusha magogo na mawe, hupuliza zile zumari zenye mfuko, na mwishowe koo zote huandamana uwanjani, kila ukoo na bendera yake. Wanaume huvaa kilti, ile nguo ya sufu ya drafti yenye marinda nyuma, inayofungwa kiunoni na kukomea magotini. Mzee alinishonesha kilti yenye rangi za ukoo wao, akanikabidhi sandukuni pamoja na vikorokoro vyote: koti jeusi la sufu, kizibao, soksi nene nyeupe za kufika chini ya goti, viatu vya kamba ndefu, mkoba wa manyoya wa kuning'inia mbele, na kofia bapa ya bluu yenye kishada juu. Akaniambia, "Sasa wewe ni wa kwetu." Mama, nilitokwa na machozi. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo.

Mwaka jana nilivaa vyote, kama bwana harusi. Siku ile joto lilipita nyuzi 37. Tulisimama juani tukisubiri zamu ya ukoo wetu, mimi ndiye nimeshika bendera. Tulipoanza kutembea nikaona uwanja unazunguka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinidaka nisianguke. Nilisingizia kuwa sikupata kifungua kinywa. Sijamwambia mzee ukweli mpaka leo. Nilimwambia mke wangu tu, naye ana wasiwasi zaidi kwa sababu natumia dawa za presha.

Mwaka huu mzee ameshaanza kuniuliza kama kilti bado inanitosha. Nilifikiri nivae kilti yenyewe tu, na shati jepesi, na kofia ya pama ya majani ninayoivaa nikikata nyasi. Shemeji akacheka sana. Alisema kilti na kofia ya wachunga ng'ombe ni kichekesho, na kwamba nitamwaibisha mzee mbele ya wazee wenzake. Nikasema basi nitavaa baraghashia yangu, angalau nayo ni kofia ya heshima kwetu. Hapo shemeji akanyamaza, na sikujua kama amekubali au amechukia.

Kuna jambo jingine ambalo huwa silisemi. Katika lile hema la ukoo mimi ndiye mweusi peke yangu. Nikivaa kamili, najihisi kama mtu aliyevishwa kwa ajili ya maigizo. Nikivaa nusu nusu, naona watasema huyu mgeni hathamini alichopewa. Wao wakivaa ovyo hakuna anayewatazama. Mimi nikifungua kifungo kimoja, naona kama uwanja mzima umegeuka.

Na mama yangu huko Tanga alipoona picha alinipigia simu kuniuliza nimevaa sketi ya nani. Wadogo zangu wakaongeza kwamba nimekuwa Mmasai wa Ulaya.

Mke wangu anasema nisiende, nimwambie mzee kuwa nina zamu kazini. Nafikiria kufanya hivyo. Lakini mzee hana miaka mingi, na siku ile ndiyo siku yake. Nifanyeje? Nivae nini nisizimie, nisimvunjie heshima, na nisijidharau mwenyewe?

Mkwe wa Waskoti, Texas

*

Marahaba mwanangu,

Sikucheka, ila pale kwa mama yako nilitabasamu kidogo. Mtu aliyefiwa na baba angali mdogo, akapewa nguo na mzee aliyemwambia "wewe ni wa kwetu", hawezi kulichukulia jambo hili kuwa la nguo tu. Nilivyokuelewa, umebeba mambo matatu kwenye mfuko mmoja: mwili wako uliokaribia kuanguka, mapenzi yako kwa mzee, na yale macho ya watu ndani ya hema. Ukitafuta kofia itakayoyamaliza yote matatu, utazunguka maduka yote ya Texas.

Tuanze na mwili, maana ndio usiosubiri. Umesema ulisingizia njaa. Je, siku ile ulikuwa umekunywa maji kiasi gani? Na dawa zako za presha ni za aina gani? Baadhi ya dawa hizo hufanya mtu akojoe sana, na kwenye joto mwili hupoteza maji na chumvi upesi kuliko kawaida. Nyingine hupunguza mapigo ya moyo, na moyo ukashindwa kukimbizana na joto. Usiache vidonge kwa sababu ya sherehe, na usibadilishe kipimo mwenyewe. Mwone daktari wako kabla ya Juni, umweleze ulivyoona uwanja unazunguka, umweleze na mavazi yenyewe. Mwambie na yule shemeji aliyekudaka kilichotokea kweli. Ukianza tena kusikia kizunguzungu au kichefuchefu, yeye ndiye atakayekuwa karibu. Mtu akifikia kuchanganyikiwa au kuzimia kwenye joto la namna hiyo, hiyo ni dharura: apelekwe kivulini, avuliwe koti, amwagiwe maji, na gari la wagonjwa liitwe bila kungoja kuona kama atapata nafuu.

Naona pia, kwa jinsi ulivyoandika, kwamba unailaumu kilti. Itazame vizuri. Kilti ya kushonwa rasmi hula kitambaa cha yadi 8 hivi, karibu meta 7, na karibu chote kimekunjwa marinda nyuma. Ni nzito, na kiunoni ambako mikunjo imerundikana pamoja na mkanda panachemka kweli. Lakini miguu yako iko wazi na hewa inapita. Kwa hilo inaishinda suruali nzito. Kilichokupika mwaka jana, nadhani, ni vile vilivyokuwa juu ya kiuno na chini ya goti: koti jeusi la sufu, kizibao ndani yake, soksi nene, na ile kofia bapa. Kofia hiyo haina ukingo hata wa nusu kidole. Huhifadhi joto utosini, na haikingi macho, masikio wala kisogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya ukungu na mvua. Edinburgh mwezi wa Julai joto la mchana huwa karibu nyuzi 19. Kwa hiyo wale wazee wa hemani nao wanateseka kama wewe, ila pengine wana subira zaidi ya kutosema.

Labda umejiambia, kama wengi wetu, kwamba mtu mweusi wa pwani jua halimwezi. Rangi yetu hupunguza kuungua ngozi, hilo kweli. Haipunguzi joto la mwili, na macho yetu huumizwa na mwanga kama ya mtu mwingine yeyote.

Sasa nikuulize kuhusu hili neno "kamili" linalokutisha. Nani aliamua kwamba koti na kizibao ndiyo kilti kamili? Lile vazi ulilopewa ni la karamu, la usiku, la ukumbini. Mchana uwanjani mambo ni mengine. Watazame wale wanaorusha magogo: sheria za mchezo wao zinawataka wavae kilti, na juu wanavaa fulana. Hakuna anayesema wamewadharau mababu. Hata vazi lenyewe limebadilika mara nyingi. Zamani lilikuwa shuka moja refu la kujifunga kwa mkanda na kujitupia begani, ambalo usiku liligeuka blanketi. Baadaye ikabaki nusu ya chini. Serikali ya Uingereza ililipiga marufuku nyanda za juu mwaka 1746, ikaliruhusu tena mwaka 1782. Kilti za kwanza za kushonwa, mwishoni mwa karne hiyo, zilitumia karibu yadi 4 tu. Hiyo ya yadi 8 anayoijua mzee wako ni ya baadaye.

Na kuhusu jua, historia iko upande wako kuliko unavyofikiri. Wanajeshi wa Kiskoti walipopelekwa nchi za joto hawakubaki na kofia zao za kwao. Mwaka 1898 huko Sudani vikosi vya nyanda za juu vilipigana vikiwa vimevaa kilti, na kichwani helmeti nyepesi za jua. Mwaka uliofuata, Desemba 11, 1899, huko Magersfontein, Afrika Kusini, walilala kifudifudi mbele ya mitaro ya Makaburu mchana kutwa bila kuweza kuinuka, na jua likawaunguza nyuma ya magoti, pale ambapo kilti huisha na soksi hazijaanza, hadi wengine wakashindwa kutembea. Mtu akikuambia kofia ya jua na kilti havipatani, unaweza kumsimulia hayo kwa upole. Na wewe ukipaka mafuta ya kukinga jua, usisahau nyuma ya magoti.

Haya, tupime vazi kwa vazi.

Baraghashia. Nimeelewa kwa nini uliitaja, na nadhani shemeji naye alielewa. Inasema, "Nami nina kwetu." Ni nzuri, ni nyepesi, ile yenye vitundu vya kushonwa kwa mkono hupitisha hewa vizuri. Lakini kwa jua ni ndugu wa ile kofia bapa, haina ukingo. Tena ukiivaa kwa kujibu kicheko cha shemeji, mzee anaweza kuisoma kama ugomvi ambao hakuuanzisha. Ukiivaa kwa sababu umemweleza mzee ilivyo kwenu, ni habari nyingine kabisa, huenda akaifurahia. Jiulize unataka kuivaa kwa sababu ipi.

Pama ya majani. Hii ndiyo inayofanya kazi. Itafute yenye ukingo wa sentimita 7 au 8 kuzunguka pande zote, iliyofumwa kwa kubana ili jua lisipite kwenye matundu, na utepe wa ndani unaonyonya jasho. Zile ziitwazo za Panama, ambazo asili yake ni Ecuador, ni nyepesi na zina sura ya kiungwana. Shemeji anachokicheka, nadhani, ni lile umbo la kukunjwa pembeni la wachunga ng'ombe, au pengine ni hali ya ile unayokatia nyasi! Pama safi ya rangi ya maziwa, yenye utepe wa kitambaa cha drafti za ukoo wenu, ni kitu kingine. Hatari yake ni upepo, maana ukiwa umeshika bendera kwa mikono miwili huna mkono wa kuishika kofia. Weka kamba ya kidevuni. Na usichomeke unyoya wowote kwa urembo. Kwao unyoya wa tai una cheo: chifu wa ukoo huvaa mitatu, na huko Marekani sheria inakataza kuwa na manyoya ya tai bila kibali. Ile beji ya ukoo iliyozungukwa na umbo la mkanda, ndiyo ya watu wa kawaida wa ukoo. Kama mzee alikupa, unaweza kuibandika hata kwenye pama.

Kuna pia kofia laini ya kitambaa ya wavuvi na wanajeshi, yenye ukingo kuzunguka. Inafaa, inakunjika, unaiweka hata mkobani. Sura yake si ya gwaride, lakini kwa saa zile za kukaa na kula haina shida. Kapelo nisingekushauri sana, kisogo na masikio vinabaki juani.

Halafu kuna njia ya kati: vaa ile kofia bapa ya mzee wakati wa kuandamana tu, na pama kabla na baada. Inamheshimu mzee kwenye picha. Hatari yake umeshaiona. Mwaka jana hukuzidiwa na matembezi yenyewe, ulizidiwa na kule kusubiri. Njia hii itafaa tu kama utasubiri kivulini na mtu mwingine akakushikia bendera hadi dakika ya mwisho.

Juu vaa shati la kitani au la pamba, la rangi ya mwanga, lenye mikono mirefu unayoweza kuikunja. Kitani hujikunja ovyo, lakini hewa hupita. Shingoni pawe wazi. Koti na kizibao viache ndani ya gari yenye kiyoyozi. Kama mzee atapenda vionekane, vivae kwa picha mapema asubuhi. Soksi, tafuta za pamba nyembamba, au ziviringishe chini hadi kifundoni kama wanavyofanya vijana wao. Mkoba wa manyoya ubadilishe kwa wa ngozi ya kawaida. Wa manyoya ni wa karamu, na utaloa jasho. Chini ya kilti vaa kaptura nyepesi ya kubana, ya kufika karibu na goti. Mizaha ya watu kuhusu kinachovaliwa ndani waachie wenyewe. Sufu kwenye jasho huchubua mapaja. Tena, kama unaswali, utajua kwamba kilti huishia hasa pale penye mpaka wa sitara, na ukikaa chini hupanda. Beba kikoi kwenye begi, ukitaka kuswali ujifunge.

Kuhusu kilti nyingine, ziko za kitambaa chepesi cha mchanganyiko wa poliesta na viskozi, za yadi 5, na ziko za pamba zenye mifuko, ambazo zilianza kutengenezwa Seattle mwaka 2000. Kwa mandari na matembezi ni raha. Lakini kwako wewe nasita. Mzee alikushonesha ile, na ukimjia na nyingine uliyonunua mwenyewe, huenda ukamwumiza kwa mahali ambapo shati jepesi lisingemwumiza. Labda hiyo iwe ya siku nyingine, muivae wawili.

Mama yako naye mpigie simu ya picha, mwonyeshe marinda, umwambie wanaume wa huko hujifunga kama babu zake walivyojifunga msuli, ila wao wameongeza mshono. Wadogo zako waache wacheke. Mtu wa Tanga asipotaniwa ajue hayumo.

Nije kwenye macho ya hemani. Hapo sitakuambia kwamba unajidhania tu. Ukiwa peke yako wa rangi yako, watu hutazama, wengine kwa upendo na wengine sijui kwa nini, na uchovu wa kutazamwa ni uchovu wa kweli. Lakini nimeona kitu kwenye barua yako. Umeandika shemeji alivyosema, mke alivyosema, mama alivyosema, na unavyowaza kuwa uwanja mzima utasema. Mzee hajasema lolote. Ameuliza kama kilti bado inakutosha, basi. Hukumwambia ulikaribia kuanguka, kwa hiyo hajapata nafasi hata ya kukuonea huruma. Unajuaje kama alikupa vile vitu vyote kwa maana ya "vaa vyote", na si kwa maana ya "hivi ndivyo nilivyo navyo, chukua"?

Ile ya kusingizia zamu kazini naielewa, na mkeo anaisema kwa kukupenda. Itakuokoa Juni hii. Lakini utahitaji zamu nyingine mwakani, na mzee wa miaka 78 akija kusikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba ulikuwa nyumbani, atatafuta sababu yake mwenyewe, na huenda akaipata mbaya kuliko ya kweli. Kutokwenda pia ni haki yako, hasa daktari akisema hivyo. Ila kutokwenda kwa kusema ukweli na kutokwenda kwa kudanganya si kitu kimoja kwa mtu aliyekuita mwanawe.

Ukiamua kumwambia, usimwambie hemani wala mbele ya shemeji. Mfuate kwake, na ile kofia bapa mkononi. Unaweza kuanza kwa presha, maana wazee wa umri wake wanayajua mambo ya vidonge. Mwambie mwaka jana nilikaribia kuanguka na bendera yako, nikaona aibu kusema. Kisha muulize yeye: baba, nivae nini? Nisaidie nichague kofia. Naamini mzee anayewashonesha watu wengine nguo anapenda kuulizwa. Lakini simjui. Anaweza kusema hapana, kofia ni hii hii. Anaweza kusema vaa unavyotaka kwa sauti ambayo haina maana hiyo. Anaweza pia kukwambia kwamba yeye mwenyewe koti lile lilimshinda zamani, anangoja tu mtu wa kwanza kulivua. Utakachofanya baada ya hapo mtakiamua wewe na mkeo, mkiwa mmeshasikia na alichosema daktari.

Na bendera, mwanangu, si lazima ibebwe na mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Muulize mzee na hilo.